Pumzi za Clancy

Ndani ya tramu ya kwenda mtaa wa Coburg, sisi abiria tulimwona mama mmoja akimvisha paka wake barakoa ndogo iliyounganishwa na pampu ya pumu. Mzee wa Kigiriki aliyeketi mbele yake akacheka. "Makubwa! Hata paka ana pumu?"

"Anayo, mzee wangu. Moshi wa mioto ya msituni ulipotanda mjini, nilimkuta Clancy chini ya kitanda, ulimi umegeuka buluu. Nikajua nimempoteza."

"Si ungechukua mwingine? Paka wamejaa tele."

"Huyu ndiye aliyelala miguuni pa marehemu mume wangu mpaka mwisho. Daktari wa wanyama alinifundisha kumshika taratibu na kumngoja avute dawa. Mwanzoni alinirarua mikono. Sasa akisikia pampu inatikiswa, anakuja mwenyewe. Namshukuru Mungu, na yule binti daktari pia."

"Dawa ya watu ni ya watu," mzee akashikilia, kisha akakohoa mpaka machozi.

"Na pampu yako iko wapi?"

"Nyumbani. Siipendi."

"Basi Clancy kakushinda akili." Tukacheka wote, naye pia.

Tramu ikasimama. Mzee, bado akibisha kwamba paka ni paka, akampokea mama kikapu cha paka na kumshushia polepole, asimshtue mgonjwa.