Darasa la Wazazi Limefungwa

Kijiwe cha Chikongola kina benchi moja lililolalia upande, birika la kahawa la Sudi, na watu wawili ambao hawajawahi kukosa jibu: Saluti, mgambo mstaafu, na Bandari, mpagazi ambaye meli zisipokuja hubeba habari za watu. Asubuhi hiyo Isihaka alikuja kichwa chini. Mkewe, Hadija, tangu ajifungue mtoto wa tatu alikuwa halali, hali chakula, haongei. Darasa la wazazi pale zahanati ndilo lililomrudisha. Kila Alhamisi kina mama walikaa mduara, kila mmoja akasema yaliyomchosha, na Hadija akarudi nyumbani kachangamka. Mwezi uliopita wageni wenye mradi wa darasa hilo walifungasha virago, darasa likafa.

— Leo nimemfuata, alisema Isihaka. Kambeba mtoto, kaenda kukaa ngazini pa zahanati. Mlango una kufuli.

— Walikuwa wanawatilia dawa kwenye uji, alisema Bandari. Dawa imeisha, kiu imebaki.

— Hapakuwa na uji.

— Basi ule ulikuwa unyago wa pili, alisema Saluti. Ndiyo maana hasemi walichofunzwa. Na wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Hawa ni ng'onda, wameshakauka. Ukiwakunja wanavunjika.

— Mbona alikuwa anacheka?

— Hata ng'onda anacheka. Mtazame meno.

— Hamjui nyie, alisema Bandari. Wale walikuwa wanakusanya majonzi yetu, kwao yamewaishia. Nilibeba sanduku lao bandarini, zito, na ndani nasikia mtu anavuta pumzi.

— Yametosha, wameondoka, alisema Saluti. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Isihaka alitaka kucheka, akashindwa. Alikuwa anamkumbuka Hadija alivyosogea kidogo pale ngazini, akimpisha mwenzake akae, na mwenzake hayupo.

Mwisho wa benchi alikaa Lukasi, mgeni kutoka Nanyamba aliyekuwa akisubiri gari la kurudi kwao. Aliweka kikombe chini.

— Samahani, kaka. Saa hizi shemeji yuko na nani?

Bandari aliangalia barabara. Saluti alifungua mdomo kutafuta methali, akaufunga. Isihaka aliona aibu ikimpanda hadi masikioni. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa zahanati, akamtazama mkewe mpaka akachoka, kisha akaja kunywa kahawa.

Sudi aliinamisha birika, halikutoa kitu.

— Imeisha, alisema.

Hakuna aliyeinuka, hata Isihaka.