Lenzi Iliyokimbilia Mshumaa

Kwa baridi ya Njombe, Elina alikuwa amejitanda kitenge hadi puani, ndiyo maana Valeriani, aliyepiga picha juzi kwenye msiba wa mama yake Elina, hakumtambua kwenye kiti cha pembeni yake, upande wa njia. Basi lilikuwa likielekea Makambako, na Valeriani alikuwa akimwonyesha jirani yake wa upande wa pili, mfanyabiashara aitwaye Bashiru, lenzi mbili mapajani.

"Hii mpya inatafuta sura yenyewe. Hii kuukuu nazungusha kwa mkono, na imeingia ukungu kidogo."

"Tupa kuukuu, kaka. Siku hizi vipya vimejaa madukani," alisema Bashiru, ambaye hakuwahi kushika kamera, na kwa hiyo hakuwa na shaka yoyote.

"Lakini kuukuu inaona gizani. Padri wetu hataki flashi kanisani. Juzi msibani nilifunga hii mpya kwenye kamera. Kila nikilenga jeneza, inakimbilia mshumaa. Nikabonyeza hivyo hivyo."

"Sura ya marehemu ukaipata?"

"Sijui. Filamu ndiyo hii mfukoni, naipeleka kusafishwa."

"Usiogope. Watakuwa na picha zake nyingine."

Mama yake Elina alikimbia kamera maisha yake yote. Picha hiyo ya jenezani ndiyo ilikuwa ya kwanza.

"Kuukuu itakuaibisha," Bashiru alikuwa bado anasisitiza basi liliposimama.

"Dada, naomba kupita," alisema Valeriani.

Elina akakunja miguu, akampisha, macho yameganda kwenye mfuko wa shati ambamo mama yake alikuwemo, au hakuwemo.