Évariste Kisimba Mwepu, Aliyepima Theluji na Kufungua Barabara (1971–2025)

Évariste Kisimba Mwepu alizaliwa Likasi, Katanga, tarehe 14 Machi 1971, mtoto wa tatu kati ya saba wa Mzee Mwepu, fundi wa reli, na Mama Kapya, muuza unga wa mahindi sokoni. Mtoto wa Likasi anajua joto, vumbi jekundu na mvua za Desemba. Hakuna mtu wa ukoo aliyewahi kuota kwamba huyu angekuja kupata riziki yake kwa kusukuma theluji, wala kwamba theluji hiyohiyo ingemrudisha udongoni akiwa na miaka hamsini na minne.

Wasifu huu unasomwa na mdogo wake, Marcelline. Mjane wake, Benita, ameomba usomwe bila kupambwa, pamoja na yale ambayo kwa kawaida hayasemwi mbele ya jeneza. Familia imekubali.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapohapo Likasi kuanzia mwaka 1977, kisha akaingia shule ya ufundi, akahitimu umakanika mwaka 1990. Hakuwa wa kwanza darasani. Walimu wake walimkumbuka kwa jambo moja: alipenda kupima. Alipima mvua kwenye kopo la maziwa, alipima kivuli cha mnara wa kanisa, na siku mama yake alipomtuma kwa jirani kuazima unga alirudi na taarifa kwamba kibaba cha jirani ni kidogo kuliko cha kwao. Alichapwa kwa taarifa hiyo, maana jirani alikuwa mlangoni anasikia.

Mwaka 1992 alipata kazi katika mgodi wa Kolwezi, akafundishwa kuendesha greda, ile mashine ndefu yenye bapa la chuma tumboni la kusawazisha barabara. Vita vilipovuruga kazi, alishika njia ya Zambia na Zimbabwe, akafika Johannesburg mwezi Juni 2001. Hapa cheti chake hakikumfaa kitu. Alilinda magari barabarani, akatengeneza injini za watu uani, akapanga chumba mtaa wa Alexandra.

Tarehe 17 Septemba 2005 alifunga ndoa na Benita, msusi kutoka Kalemie, katika kanisa la Wakongo katika mtaa huu wa Bertrams. Mei 2008, Benita akiwa mjamzito, wageni walipofukuzwa Alexandra, kundi lilifika kwenye chumba chao. Aliyewaonyesha mlango alikuwa jirani ambaye Évariste alikuwa amemtengenezea gari juma lililotangulia. Walitoka na nguo walizovaa. Binti yao, Chloé, alizaliwa tarehe 30 Novemba mwaka huo katika chumba cha kupanga Bertrams, na hapo ndipo wameishi hadi leo.

Mwaka 2010 kampuni moja ya Midrand inayokodisha mashine za barabara ilimwajiri. Kampuni ilikuwa na mkataba wa kufungua njia za milimani wakati wa baridi, na madereva wenyeji hawakuipenda kazi ile. Évariste aliipenda tangu siku ya kwanza. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Septemba alikaa milimani, na kila alikotumwa alichomeka rula kwenye theluji na kuandika kwenye daftari. Alijifunza kwamba nyanda za juu za Lesotho na milima ya Eastern Cape hupata theluji mara nyingi kila mwaka, pengine mara sita au nane. Njia za mlimani kati ya KwaZulu-Natal na Free State huweza kukaa mwaka mzima bila kitu, halafu ikaanguka siku moja hadi kifuani. Johannesburg yenyewe hupita miaka na miaka.

Tarehe 7 Agosti 2012 theluji ilianguka Johannesburg. Bertrams nzima ilitoka nje na simu kupiga picha. Évariste alitoka na rula, Chloé wa miaka mitatu akiwa begani. Alipima juu ya boneti la gari la mchungaji, akaandika: "Johannesburg, sentimita mbili. Haitoshi hata kumwita mtu kazini." Watu wa kanisa walimtania kwa maneno hayo miaka mingi, naye alicheka pamoja nao.

Lakini daftari lile halikuwa la mchezo. Kampuni iligawa mashine zake kwa wastani wa mwaka: penye theluji nyingi, greda nyingi, penye theluji kidogo, moja au hakuna kabisa. Évariste aliwaambia wakubwa mara kadhaa kwamba wastani huo utaua watu. Kwa maneno yake, theluji ya Lesotho imezoeleka, watu wake wana mablanketi na wana akili ya theluji. Inayoua ni ile inayomkuta mtu mahali asipoitegemea, akiwa na kijishati na viatu vya wazi. Msimamizi wake, Bwana Steve, alimjibu kwamba yeye ni dereva, hesabu zina wenyewe.

Juni 2024 Évariste aliona kwa macho yake greda ya upande wa Free State, katika njia ya mlimani ya Kraaipoort, ikipakiwa kwenye trela na kupelekwa kusini kunakoanguka theluji mara kwa mara. Ilikuwa ya kampuni nyingine yenye mkataba wa upande ule. Yeye alibaki na yake upande wa KwaZulu-Natal, na mkataba wake uliishia kwenye ubao wa mpaka wa mikoa.

Jumamosi tarehe 24 Agosti 2024 theluji ilianza alfajiri. Kufikia saa nne asubuhi Évariste alikuwa ameshafungua njia yote hadi kwenye ubao. Hapo alimkuta dereva wa lori aliyekuja kwa miguu kutoka ng'ambo, suruali imekakamaa kwa barafu. Akamweleza kwamba nyuma ya kona, kama mita mia tisa hivi, kuna teksi, basi dogo la abiria, iliyotoka Johannesburg, ina abiria kumi na tano, na theluji imefika madirishani. Yeye ni kijana na ametumia saa nzima kuzipita mita hizo. Mle garini mna wazee.

Évariste alimpigia Steve, Midrand. Alieleza yote: teksi, watu, na kwamba upande wa pili hakuna mashine kwa sababu aliiona ikiondoka.

"Mkataba wetu unaishia kwenye ubao," Steve alimwambia. "Ukivuka na likatokea lolote, hatuna bima. Kaa hapohapo, niulize."

Akakaa. Injini ikinguruma, bapa likiwa chini, akakaa. Alipiga tena saa tano. Steve akasema bado anauliza. Alipiga saa sita; simu haikupokelewa. Tangu mwaka 2001 alikuwa mgeni katika nchi hii, na mgeni hujifunza kwamba usalama wake uko katika kutii. Saa saba mchana hakupiga tena. Alitia gia, akavuka.

Alifika saa nane kasoro robo. Njiani bapa liligonga chuma cha kingo za barabara kilichofukiwa, likapasuka, naye akaendelea nalo vivyo hivyo. Sehemu ya mwisho alichimba kwa sepetu na kwa mikono, theluji ikimwingia ndani ya buti. Abiria walikuwa wameiacha injini ya teksi ikiwaka ili wapate joto, na bomba la moshi lilikuwa limefukiwa, moshi ukarudi ndani. Kumi na wawili aliwatoa wakiwa hai. Watatu walikuwa wameketi kana kwamba wamelala.

Tarehe 9 Septemba aliitwa ofisini Midrand. Alishtakiwa kuitumia mashine nje ya eneo na kuiharibu. Steve hakuwa na hasira. Alimwambia, "Ulifanya jambo jema, madala, mzee wangu, lakini hukufanya kazi yako." Miaka kumi na minne ikaishia hapo, kabla ya saa ya chai.

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe. Benita hakumpa pole. Maneno aliyomwambia siku ile ni haya, na ni yeye mwenyewe aliyetaka yaandikwe: "Baba Chloé, kama ulitaka kutii, ungetii mpaka mwisho. Kama ulitaka kuasi, ungeasi asubuhi." Évariste aliinamia buti zake, akaanza kulegeza kamba. Benita anasema hajawahi kupata siku ya kuyarudisha maneno yale.

Mwezi uliofuata alikuja nyumbani mama mmoja Mtanzania, mwenyeji wa Tanga, jina lake Nusaiba, mfanyabiashara wa vitenge. Alikuwa miongoni mwa wale kumi na wawili. Mumewe, Luqman, alikuwa miongoni mwa wale watatu. Benita alimpikia chai. Nusaiba alisema hakuja kulaumu, alikuja na swali moja.

"Kaka, upepo ulipotulia, kama saa tano hivi, tulianza kuisikia mashine yako. Luqman akatuambia tukae garini, tusihangaike, msaada umeshafika. Ikanguruma, ikanguruma, haiji. Ulikuwa unafanya nini?"

Évariste alimjibu, "Nilikuwa nangoja ruhusa."

Nusaiba alimaliza chai yake, akashukuru, akaaga. Tangu siku ile Évariste hakukaa karibu na injini inayonguruma bila kwenda. Alipata kazi ya kulinda magari karibu na uwanja wa Ellis Park, kazi ileile aliyoanza nayo mwaka 2001, na dereva akiwasha gari bila kuondoka, yeye alisogea mbali hadi liondoke.

Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeungua kwa baridi siku ya Kraaipoort. Évariste alikuwa na ugonjwa wa sukari tangu mwaka 2019, na kidonda cha mwenye sukari hakina haraka ya kupona. Kwa miezi kilionekana kufunga. Mei 2025 kikafunguka tena, kikaanza kunuka.

Tarehe 3 Juni 2025 alikwenda kliniki na karatasi zake zote kwenye bahasha. Langoni walisimama watu ambao si wauguzi wala si polisi, raia tu wanaopinga wageni, wakidai kitambulisho cha Afrika Kusini. Mmoja wao, msichana wa rika la Chloé, alimuuliza kama kwao hakuna hospitali. Alirudi tarehe 10, akarudishwa. Tarehe 17 alikwenda na Chloé ili amsemee kwa Kizulu, maana Chloé anakisema kama aliyezaliwa hapa, na kweli amezaliwa hapa. Walimwambia Chloé apite, baba yake abaki nje. Chloé akakataa kupita, wakarudi wote wawili. Njiani Chloé, ambaye Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, alimuuliza baba yake kwa Kiswahili kwa nini hakubishana nao. Évariste alimwambia kwamba wao wako wengi, na mguu wake ni mmoja.

Tarehe 28 Julai alianguka kazini, akachukuliwa na gari la wagonjwa hadi hospitali kubwa. Daktari alimuuliza Benita kwa nini wamechelewa kiasi hiki. Benita alimpa ile bahasha yenye karatasi. Tarehe 2 Agosti mguu ulikatwa juu ya goti, lakini sumu ilikuwa imeshaingia kwenye damu. Siku za mwisho joto la mwili lilipanda sana, naye akawa anaomba dirisha lifungwe, baridi inaingia. Dirisha lilikuwa limefungwa. Alifariki Jumanne tarehe 12 Agosti 2025, saa tisa mchana, Benita akiwa ameushika mguu uliobaki, akiusugua upate joto.

Jana kampuni ilileta shada la maua lenye utepe ulioandikwa kwamba ni kwa mfanyakazi wao mpendwa. Benita alimwambia dereva aliyelileta alirudishe Midrand. Kutokuwapo kwake hapa si kwa makosa wala kwa kusahaulika.

Nusaiba yupo nasi leo, amekaa upande wa wanawake. Familia haikumwalika, kwa sababu haikuthubutu. Amekuja mwenyewe na wenzake wanne kati ya waliotolewa kwenye teksi ile, na wameomba kubeba jeneza. Familia imewaruhusu.

Évariste ameacha mjane, Benita, binti, Chloé, kaka yake mkubwa, Alexis, aliyeko Likasi, mdogo wake, Marcelline, na ndugu wengine watatu waliobaki kwetu. Amemwacha pia mama yake, Mama Kapya, mwenye miaka themanini na miwili, ambaye hatukuweza kumpelekea mwili wa mwanawe na bado hajaambiwa. Alexis atamwambia kesho asubuhi, baada ya ibada ya huko, kaburi likiwa limeshafukiwa.

Apumzike, Évariste wetu, kwa amani ambayo sisi tulio hai hatukumpa.