Keroli Amerudi Kwao

Mwaka huo wa sabini na moja Wawira aliuza kahawa Bondeni, penye benchi nje ya duka la Shabir. Wateja wake wa kila jioni walikuwa Shabir mwenyewe, Kang'ethe fundi wa baiskeli, aliyebandikwa jina Spoki, na Wasike, ambaye kila mtu alimwita Redio kwa sababu habari zote za mtaa zilianzia kwake. Jioni moja Redio alitoka stesheni na habari iliyomkata Wawira maini. Keroli, yule Mmarekani wa kujitolea aliyeletwa akae kwa Wawira azoee maisha ya hapa, kisha aende kufundisha Baringo, alikuwa ameacha kazi na kurudi kwao.

— Hata miezi miwili hajamaliza, alisema Redio.

Wawira akaweka birika chini. Msichana yule alikuwa akimwita mama.

— Ni jua, akasema Spoki. Jua ya huko si kama hii yetu.

— Jua gani? akasema Shabir. Hiyo ni nyoka. Huko iko kubwa sana, naingia mpaka kitandani.

— Nyoka wapi! akasema Redio. Huyo alikuwa jasusi. Amepata alichotumwa, ameenda zake.

— Jasusi wa kuchunguza nini, Redio? akauliza Spoki. Birika ya mama?

Wakacheka, ila Wawira. Alimpa Keroli kitanda chake, yeye mwenyewe akalala chini. Sasa alikosea wapi?

Wakati huo akafika Chepkemboi, mwalimu aliyewafundisha wageni hao Kiswahili. Ndiye aliyemleta Keroli pale. Spoki akampisha kwenye benchi.

— Mwalimu, ni ukweli? Wawira akauliza.

— Ni ukweli, mama. Nilimsindikiza jana. Kule alishindwa kuwasha moto, akashindwa hata kuomba jirani maji. Mtu akibisha hodi, anajificha.

— Lakini hapa alikuwa na raha!

— Sana. Amesema hajaona watu wazuri kama nyinyi.

— Maji nilikuwa namchotea mimi, akasema Spoki. Kila asubuhi.

— Na mimi nasema na yeye Kingereza tu, akasema Shabir. Nataka yeye asichoke.

Chepkemboi hakukasirika. Aliuliza polepole:

— Na yeye mwenyewe, alikuwa anafanya nini?

Shabir akageukia dukani kama aliyeitwa. Wawira akatafuta siku hata moja aliyomwachia Keroli sufuria au ndoo, asiipate. Alichokiona ni msichana amesimama mlangoni pa jikoni, mikono ya blauzi ameikunja mpaka viwikoni, akisema, "Mama, nisaidie?" Alitaka kusema nikusaidie. Na Wawira, badala ya kumrekebisha, alikuwa akicheka, anamshika mkono, anamrudisha kwenye kiti.