Masanduku Sita ya Baba Hippolyte

Tarehe 30 Septemba 1957 Baba Hippolyte Kalonda, fundi wa mashine ya sinema hapa misheni ya Kasongo, anapumzika baada ya miaka ishirini na miwili ya kazi. Gazeti letu la shule limeombwa kuandika habari zake kwa furaha. Tutajaribu. Lakini sisi wasichana wa darasa la sita tuna hasira, na Masista wametufundisha kutoandika uongo.

Alianza mwaka 1935 akichonga viti vya kanisa. Mashine ya sinema ilipofika mwaka 1948, yeye ndiye aliyeifungua, akaisafisha na kuiwasha, wengine wakiogopa hata kuigusa. Kila Jumapili alisimama kando ya shuka jeupe akitueleza kwa Kingwana, Kiswahili chetu cha hapa, picha za Ulaya. Hayo yanajulikana. Wasichotaka kukijua watu ni kwamba Baba Hippolyte ametengeneza filimu sita zake mwenyewe.

Bwana mmoja mzungu wa kampuni ya pamba alikuwa na kamera, akawa anamwazima pamoja na vipande vya filimu vilivyobaki, vya dakika moja au mbili. Baba alipotaka kamera itembee, aliketi nyuma ya baiskeli, na Atumani mshona nguo akaendesha. Alipokosa mwanga ndani ya nyumba, mkewe, Mama Victorine, alisimama uani ameshika bati ili alirudishe jua ndani. Mikono ilipomuuma alisema: “Kalonda, jua yako iko nzito!”

Filimu zilikwenda Ulaya kusafishwa na kurudi baada ya miezi mitano. Baba hakuweza kupiga nusu ya pili kabla ya kuiona ya kwanza. Ndiyo maana katika filimu yake ya mke wa mvuvi wa Nyangwe, Feza, aliyeigiza mke huyo, anaingia mlangoni akiwa msichana mwembamba, anatokea upande wa pili ana mimba kubwa. Uwanja mzima ulicheka. Mzee Faradji akapaza sauti: “Ee! Nyumba gani hii? Binti yangu hataingia humo!” Baba Hippolyte akamjibu palepale kando ya shuka: “Mupige hesabu, baba, miezi tano imepita!”

Mwishoni hakuna aliyecheka. Mvuvi amezama, na Feza anakunja wavu wake polepole, kama mtu anayekunja nguo za mgeni atakayerudi. Mama zetu walilia, nami nililia. Filimu za Ulaya zenye farasi mia hazijawahi kuniliza.

Sasa tuseme linalotuudhi. Karatasi ya kutuma filimu Ulaya ilitakiwa iwe na sahihi ya mzungu. Bwana wa pamba alitia sahihi, na masanduku yakarudi yana jina lake. Pasaka iliyopita wageni wa serikali walizitazama filimu hizo, wakapiga makofi; bwana huyo akasimama, akainama, akashukuru! Baba Hippolyte alikuwa nyuma ya mashine, akizungusha filimu irudi mwanzo. Sitaliandika hapa jina la bwana huyo. Limeandikwa vya kutosha.

Hata karani François, mtu wetu, anatuambia: “Wacheni maneno. Kamera iko ya nani?” Ndugu François, mtu akikuazima jembe, atasema yeye ndiye aliyelima?

Alhamisi lori litachukua masanduku hayo sita hadi Kindu, kisha yataendelea Léopoldville kuhifadhiwa. Yakifika huko na jina lisilo lake, nani atauliza? Kwa hiyo Emilienne, mwenye mwandiko bora darasani, ameandika karatasi sita za kubandika. Kila moja ina jina la filimu, na chini yake: Imetengenezwa na Hippolyte Kalonda, Kasongo. Sista Mkuu alizisoma mara mbili, akasahihisha kosa moja, akazipeleka kwa Padri Mkuu. Jibu bado. Lakini mtu hasahihishi karatasi anayokusudia kuitupa.

Baba Hippolyte, asante kwa Jumapili zote. Mungu akupe wewe na Mama Victorine afya, shamba lenye rutuba na wageni wa kucheka nao. Sisi tumekwisha kupika gundi ya muhogo, nasi hatutaiacha ikauke kabla ya Alhamisi.