Salamu Ndani ya Ukungu

Siku alipozikwa Yoeli, binti yake Ema alivisukumia chini ya kitanda viatu alivyozoea kupandia mlima na baba yake. Tangu hapo, katika nyumba yao ya Mjimwema hakuna aliyemwambia mwenzake twende. Mama yake, Eveline, alikuwa akiyawaza hayo ndani ya basi la Makambako, wakati mwanamume wa kiti cha mbele alipomgeukia jirani yake, mama mmoja aliyepakata kikapu cha maparachichi.

"Shangazi, ukungu ulitufunika kule mlimani, sioni hata mkono wangu! Naita watoto majina, kimya. Wameninunia, nimewakataza kuchoma viazi. Mke wangu akapaza sauti: 'Kamwene!' Weee! Wakaitikia wote, huyu kule, huyu huku: 'Kamwene!' Mtoto wa Kibena ataiachaje salamu?"

"Yaani mkubwa ndiye aliyemwamkia mdogo?" mama akashangaa. "Mmewaharibu."

"Tuliwapata, shangazi! Tukacheka mpaka tukakaa chini. Sasa kila Jumamosi wananidai mlima."

"Ngoja, watakudai na shikamoo."

Waliokaa karibu wakaangua kicheko, Eveline naye, mpaka akaishangaa sauti yake mwenyewe. Makambako wale wawili walishuka wakiwa bado wanabishana. Yeye akampigia Ema simu, na kabla ya neno lolote akasema, "Kamwene."

Ema akaitikia: "Kamwene, mama."

Jumamosi wanapanda mlima, na viazi wanabeba.