Mama Kengele Anaondoka, Kengele Inabaki

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba, saa sita kamili mchana, Mwalimu wa Mahubiri wa chuo chetu atafunga mlango wa darasa namba tatu na kumkabidhi karani funguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne, miezi miwili na siku kumi na moja ya utumishi. Hesabu hiyo ni yake mwenyewe. Karani alikuwa ameandika miaka thelathini na minne basi, akarudishiwa karatasi ina wino mwekundu.

Jina lake la kwenye faili analijua karani. Sisi wengine, kuanzia Mkuu wa Chuo hadi mlinzi wa getini, tunamwita Mama Kengele, naye huitika. Kwa mgeni asiyejua: kila anayesomea uchungaji au uinjilisti hapa lazima ahubiri mbele ya wenzake, na mezani huwekwa kengele ndogo ya shaba yenye mpini wa mbao. Dakika ya ishirini ikifika, inalia. Ikilia, unakaa. Uwe umeshafika mbinguni au bado unahangaika na utangulizi, unakaa.

Watu hudhani alizaliwa na ukali huo. Sivyo. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mcheshi, mpenda nyimbo, na alipokuwa na miaka ishirini na sita alimzika mama yake. Mhubiri wa siku ile alisema kwa saa moja na dakika hamsini. Alianza na uumbaji wa ulimwengu, akapitia safari zake mwenyewe na magonjwa aliyopona, na muda wote huo baba yake Mama Kengele, mzee wa miaka sabini, alikuwa amesimama juani ameshika kofia yake. Mwishowe miguu ilimwishia, akakaa juu ya udongo uliochimbwa. Mhubiri hakumwona, maana alikuwa amefumba macho. Mama Kengele husema hapo ndipo alipoitwa. Wengine huitwa kwa ndoto, wengine kwa ugonjwa. Yeye aliitwa kwa hasira. Aliazimia kwamba maadamu yu hai, atawafundisha wahubiri kufumbua macho na kuwatazama watu walio mbele yao.

Akaja hapa na kengele yake kwenye mkoba. Tangu siku hiyo amewafundisha wahubiri mia nne na kumi na wawili, na hakumwonea haya hata mmoja, wala wageni. Siku ya kuzindua ukumbi huu tulionao leo, mgeni rasmi alikuwa askofu, mtu mzito, mwenye sauti ya kutikisa madirisha. Alionywa kwa heshima, akatabasamu tu. Dakika ya ishirini ikalia kengele. Karani alijificha nyuma ya kinanda. Mkuu wa Chuo wa wakati ule aligundua ghafla kwamba viatu vyake vinahitaji kufungwa kamba. Askofu alisimama mdomo wazi, akaangua kicheko, akakaa. Mwezi uliofuata alituletea wachungaji wake watatu waje kusoma, pamoja na barua ya kuuliza kengele kama ile inapatikana wapi.

Mbinu yake nyingine haijulikani sana nje ya geti. Kabla mwanafunzi hajaruhusiwa kupanda mimbari ya kanisa la chuo, alipelekwa jikoni, Alhamisi, saa nne asubuhi. Huko alihubiri mbele ya mpishi wetu mkuu, ambaye sote tunamwita Dada Mkubwa, na wasaidizi wake wawili, wakiwa wanamenya viazi vya watu mia moja na ishirini. Mama Kengele alisimama nyuma ya mlango. Hakumwangalia mhubiri, alisikiliza visu. Visu vikiendelea kukwaruza bila kusita, mahubiri hayajaiva, rudi ukaandike upya. Visu vikisimama hata kwa sekunde tano, hapo pana kitu. Wasomi wakubwa wawili, wenye shahada zao, waliangushwa na viazi. Mmoja alikwenda kulalamika kwamba anapimwa na watu ambao hawakusoma. Mama Kengele alimjibu kuwa hao hao ndio atakaowakuta Jumapili, sasa anaona aibu gani kuwazoea mapema.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo kamati ya maandalizi ilinishauri niliguse kwa sentensi mbili. Halitoshi kwenye sentensi mbili.

Katika mwaka wa kumi na tisa wa utumishi wake alikuja mwanafunzi mmoja, fundi cherehani wa miaka thelathini na moja, mwenye mke, mtoto na kigugumizi. Si kile cha kukwama mara moja moja. Kigugumizi hasa, cha kufunga mdomo na kukaza shingo hadi anayesikiliza anaumwa yeye. Kwenye usaili mke wake ndiye aliyejibu maswali. Alipoulizwa kwa nini mume wake anataka kuwa mhubiri ilhali kusema hawezi, mama wa watu alisema hata yeye humuuliza hivyo hivyo kila siku. Fundi alipokelewa kwa sababu kwenye mtihani wa kuandika aliwashinda wote.

Kamati iliagiza wasifu huu uandikwe kama unaandikwa na mtu wa pembeni, nami nimejitahidi hadi hapa. Lakini fundi huyo ni mimi, na nikijifanya namsimulia mtu mwingine, mke wangu aliyeketi safu ya pili atacheka.

Muhula wa pili Bodi ya Chuo iliamua niondolewe. Hawakuwa watu wabaya. Walisema chuo hiki kinatoa wahubiri, na si haki kumpa mtu cheti cha kazi ambayo hawezi kuifanya. Mwenyekiti wa Bodi, mchungaji mzee mwenye huruma, alinieleza kwa upole kwamba bila shaka Mungu ana kazi nyingine ya kunipa, pengine kushona majoho. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nguo sandukuni. Mama Kengele akaingia kwenye kikao chao bila kualikwa, akaweka mezani barua ya kujiuzulu, imeshatiwa sahihi, haina tarehe. Aliwaambia wanipe mwaka mmoja. Mwaka ukiisha nitahubiri mbele yao, kuanzia salamu hadi amina. Nikishindwa, waniondoe mimi, na yeye wamwandikie tarehe kwenye barua.

Hakuniuliza. Niliposikia nilimfuata mbio kumwambia kwamba amejiponza bure kwa ajili yangu, na kwa jinsi nilivyokuwa nimechanganyikiwa, sentensi hiyo ilinichukua karibu dakika mbili. Alisubiri nimalize, kisha akaniambia nipunguze maneno.

Mwaka ule ulikuwa mgumu jamani, nisiwadanganye. Nilikuwa na ujanja wangu wa tangu utotoni. Herufi P na B zilikuwa zinanifunga, kwa hiyo nilizizunguka. Sikusema Petro, nilisema yule mvuvi. Sikusema baba, nilisema mzazi wa kiume. Siku nilipohubiri darasani juu ya mwana mpotevu aliyerudi kwa mzazi wake wa kiume, wenzangu walicheka hadi wakashika madawati. Mama Kengele hakucheka. Alisema anayekwepa majina kesho atakwepa na ukweli, na papo hapo akanipangia somo la mahubiri yangu mbele ya Bodi: Petro. Petro anajigamba, Petro anakana, Petro analia, Petro anaitwa upya. Petro mwanzo hadi mwisho. Nilimchukia wiki mbili nzima.

Hakujaribu kuniponya hata siku moja. Alinifundisha kusubiri. Neno likikwama, alisema, usilipige teke, wala usiwaombe watu msamaha kwa macho. Simama nalo kama unavyosimama na mgonjwa anayevuka barabara, mtavuka tu. Kila Alhamisi nilikwenda jikoni. Mwanzoni visu vilisimama mara tu nilipofungua mdomo, maana wapishi walinionea huruma, na Mama Kengele aliingia anawafokea wamenye viazi, hapa hakuna msiba. Wakamenya. Walimenya miezi saba. Alhamisi moja nilikuwa nimefika pale jogoo anapowika, nimekwama kwenye jina la Petro, nimesimama nalo, nikagundua jiko zima limenyamaza. Dada Mkubwa alikuwa ameshika kiazi kilichomenywa nusu. Huruma haikuwapo usoni mwake. Habari yenyewe anaijua tangu utotoni, lakini siku ile alitaka kujua Petro atafanyaje. Nyuma ya mlango nilimsikia Mama Kengele akipenga kamasi, na hadi leo anasema ilikuwa mafua.

Ikabaki kengele. Mahubiri ambayo mwingine angeyamaliza kwa robo saa, mimi yalinichukua dakika hamsini. Niliyakata, nikayakata tena, nikafika thelathini na nane. Zaidi ya hapo ningemwacha Petro kwenye kulia, na hilo sikulitaka. Nilimwomba Mama Kengele aniongezee muda. Alikataa katakata. Yeye ambaye alimkalisha askofu, angeanzia wapi kunipendelea mimi? Aliniambia sheria ni moja kwa wote, niende nikapige pasi shati langu.

Siku yenyewe kanisa lilijaa. Mwenyekiti wa Bodi ndiye aliyeshika saa na kengele, na barua isiyo na tarehe ilikuwa kwenye jalada mbele yake. Wapishi walikuwa benchi la nyuma, bado wamevaa aproni. Nikaanza. Yaliyotokea dakika ya ishirini sikuyaona, kwa sababu nilikuwa nimesimama na jina la Petro, lakini nimesimuliwa na watu wasiopungua hamsini. Mwenyekiti aliinua kengele akaitikisa. Kimya. Akaitikisa kwa nguvu zaidi. Kimya. Akaigeuza juu chini, akachungulia. Kile kichuma kinachoning'inia ndani na kugonga hakikuwapo. Akamtazama Mama Kengele. Mama Kengele alikuwa ananitazama mimi, ngumi yake ya kulia ameifumba.

Nilimaliza. Ile amina ilitoka yenyewe, wala haikukwama popote.

Hapo Mama Kengele alitembea hadi kwenye meza ya Bodi, akafumbua ngumi na kuweka kichuma mbele yao. Alisema sheria ameitunga yeye na asubuhi ile ameivunja yeye, kwa makusudi, kwa koleo la mume wake. Wamwandikie tarehe yao, hatabisha. Ila kwanza wamjibu jambo moja. Kengele aliileta kwa ajili ya msikilizaji aliyechoka, kwa ajili ya mzee aliyesimama juani ameshika kofia. Je, humu ndani yupo aliyechoka? Kama yupo, anyooshe mkono, naye ataondoka kabla ya chakula cha mchana.

Hakuna aliyenyoosha. Mwenyekiti mwenyewe, hadi alipofariki, alikuwa anapenda kusimulia kwamba kengele ilipogoma aligeuka kutafuta japo mtu mmoja anayepiga miayo, apate pa kumshikia huyu mama, akamkosa.

Bodi ilinibakiza chuoni. Mama Kengele alirudishiwa barua yake ya kujiuzulu ikiwa na mwenzake, barua ya onyo kali kwa kuharibu mali ya chuo. Ya kujiuzulu aliichana. Ya onyo aliitia kwenye fremu, na hadi jana ilikuwa inaning'inia ofisini kwake, juu ya shahada zake. Jumatatu iliyofuata alikirudisha kichuma mahali pake. Kuanzia hapo amenipigia kengele mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa nimestahili.

Sitaki mdhani tunamuaga malaika. Mama Kengele ni mbishi. Maikrofoni amegoma kuitumia miaka yote, eti inawafanya watu wavivu wa koo. Matangazo ya ibada huyasahihisha kwa wino mwekundu wakati ibada inaendelea. Mume wake, muuguzi mstaafu, ameniambia kuwa nyumbani kwao sala ya chakula huisha kabla mgeni hajafumba macho sawasawa. Mwenyewe akihubiri, hajawahi kuvuka dakika kumi na saba, na katika dakika hizo hajawahi kujisema yeye hata kidogo.

Kutoka darasa namba tatu wametoka wachungaji wa magereza, wa hospitali, wa mashule, na waliozika watu wengi kwa maneno machache yaliyotosha. Muhula ujao darasa hilo nitalishika mimi. Kigugumizi nilicho nacho ni kilekile, ndiyo maana wasifu huu, ambao mwingine angeusoma kwa dakika kumi, nimeomba niusome mwenyewe, na mnaona saa ilivyokwenda. Jikoni nitawapeleka wote. Kengele nitaipiga. Nisipoipiga, Mama, njoo unifokee.

Asante, Mama, kwa kila mzee ambaye hakuanguka juani kwa sababu ulitufundisha kufumbua macho. Asante kwa barua ile. Mimi na mke wangu, na watoto ambao sasa ni watatu, hatutaisahau. Ukapumzike ukiwa na afya, ukacheze na wajukuu, na mume wako, Mzee wetu, akuvumilie sasa utakapokuwa nyumbani kutwa.

Jambo la mwisho. Kwenye ratiba ya leo wasemaji wako tisa, na wewe mstaafu umejiandikia dakika tano, kwa mkono wako, kwa wino wako mwekundu. Kengele ipo hapo mezani kama ilivyo desturi. Ila leo asubuhi nilipitia nyumbani kwenu, nikamwomba Mzee aniazime koleo, na wala hakuniuliza la nini. Kwa hiyo panda mimbari, Mama, utusimulie habari zako zote, na usiangalie saa. Kichuma kiko mfukoni mwangu.